Vitone Viwili Juu ya Jina Lako

Nyumbani, nyuma ya ghala la saruji,
Jumapili, 9 Juni

Mpendwa dada,

Pokea salamu zetu. Hujambo? Shemeji naye, kile kikohozi cha baridi ya kambini mnakofanya kazi, alichonisimulia mpishi wenu, kimemwachia? Sisi tunapumua, zaidi ya hapo nisikudanganye.

Mwenzako wa kambini, yule mpishi, amekuja likizo. Ijumaa alipita ofisini kwetu na shali uliyomtumia mama. Akaniuliza, "Kaka, dada yako haachi kukuandikia hapa ofisini. Mbona mliacha kumwandikia?" Tangu ufunge ndoa hatujapata hata neno lako, na simu huko kwenu ndiyo hivyo, hazishiki.

Nilimwita fundi wetu wa kompyuta, tunayemwita Betri. Kumbe mkorofi ni jina la ukoo la shemeji ulilolichukua, ile o yenye vitone viwili. Betri anasema kichwa cha barua pepe, pale penye jina la mtumaji, kinataka herufi za kawaida tu. Herufi ngeni lazima ivishwe msimbo kwanza, na mashine inayopokea ndiyo inayoivua. Programu ya kambini kwenu haiivishi, inaituma uchi. Seva yetu kuukuu ikiiona hudhani ni takataka, inafuta barua nzima, wala haimwambii aliyeituma.

"Haziwezi kupatikana?" nikamuuliza.

"Kaka, zilifutwa mlangoni. Hazikuwahi kuingia ndani."

Bosi naye, nilipomwomba seva ibadilishwe, kasema hii ni ofisi ya maji, si posta.

Mama alikuwa ananiuliza kila nikitoka kazini, "Kaandika?" Mwishowe akanikataza nisikusumbue tena. Alisema, "Mtu akinyamaza, ameshajibu." Ndipo barua zangu nazo zikakoma.

Mwezi uliopita kiharusi kilimwangusha jikoni. Juzi Ijumaa nilimfunika shali yako, nikamwambia sikioni kwamba uliandika muda wote. Akanitazama kwa adabu, kama anavyotazamwa mgeni. "Ahsante, baba. Wewe mtoto wa nani?"

Daktari hakutupa matumaini, na sitaki nikupe ya kwangu ya uongo.

Mama mdogo anakusalimu sana. Shangazi pia, tangu Ijumaa analia kwa yale aliyokuwa akikusema. Sasa ukoo mzima unajua hukutusahau, isipokuwa yule mmoja aliyekungoja.

Mungu akushike mkono huko tusikofika.

Nduguyo asiyechoka kukupenda,
Kitindamimba