Bolti ya Springi na Mkwe Wetu Sekela

Uyole, Mbeya
14 Juni, 1956

Kaka yangu mpendwa Saulo,

Nakusalimu katika jina la Bwana aliyetuamsha salama. Hujambo? Kile kifua kilichokusumbua wakati wa mvua kimepona? Na shemeji Apolonia je? Sisi ni wazima, ila baridi ya mwaka huu inauma, hata majani ya viazi yameungua.

Habari kubwa ni kwamba Sekela, mke wa mwanangu Ambakisye aliye migodini Rodesia, amejifungua mtoto wa kike. Wote wazima. Lakini ilibaki kidogo azalie uani, nami nataka usikie kwangu kabla shangazi hajakufikishia kwa namna yake.

Jumamosi watu wote, pamoja na Lusia mke wangu, walikwenda msibani. Mimi nilibaki chini ya pikapu, nabadilisha springi ya nyuma iliyovunjika. Nati ilitoka vizuri, bolti ikakataa. Kutu ilikuwa imeishikamanisha na springi kama kitu kimoja. Nilikwisha kuimwagia mafuta ya taa tangu jana yake. Nikairudisha nati nusu ili nyuzi za bolti zisiharibike, nikagonga kwa nyundo mpaka mkono ukafa ganzi. Wapi.

Ndipo nikasikia Sekela anaguna ndani. Nikajua uchungu umeanza, na gari halina gurudumu.

Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja azungushe kichwa cha bolti kwa spana, huku na huku, mwenzake agonge upande wa pili. Mimi na Sekela, unavyojua, tangu aolewe hatujaonana uso kwa uso wala kusemezana, kama inavyowapasa wakwe wa Kinyakyusa. Nikaomba Mungu, kisha nikasema kwa sauti, "Wewe gari, ungepata mtu wa kukushikia spana huko nje, ungepona."

Halafu nikaona kanga inatundikwa ubavuni mwa gari mpaka chini, na spana ikakaa kwenye bolti.

"Gari," nikasema, "vuta juu. Sasa shusha. Uchungu ukija, acha kwanza."

"Gari," akajibu nyuma ya kanga, "mwambie huyo anayekugonga agonge kama mwanamume. Mtoto hangoji kutu."

Nilicheka mpaka vumbi likaniingia kinywani. Tukaendelea hivyo, yeye akivuta, akiacha maumivu yakija, kisha akivuta tena, mpaka bolti ikalia kama bawaba kavu, ikaanza kutoka. Springi mpya ilikuwa tayari. Lusia alirudi nikiwa nafunga gurudumu. Akapanda na Sekela nyuma, chini ya turubai, nami nikaendesha bila kugeuka. Mtoto alizaliwa hospitalini kabla ya jua kutua.

Sasa shangazi anasema nimevunja mwiko, na siku ya ubatizo nisikanyage kanisani Sekela akiwamo. Mjukuu wa kwanza wa nyumba hii, nami nisimame nje dirishani? Hapana, kaka. Moyo wangu mbele za Mungu hauna hofu. Baba hayupo, wewe ndiwe mkubwa wetu, na neno lako shangazi atalishika. Naomba uruhusu mimi na Sekela tusalimiane kama watu wa nyumba moja. Yeye mwenyewe, kwa kinywa cha Lusia, amekubali.

Msalimu sana Apolonia, na binti yetu Matilda. Mungu awe mlinzi wa mlango wenu, kuingia na kutoka.

Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi huu. Tafadhali nijibu upesi.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Andendekisye