Ufunguo wa Mwalimu Kapinga

Jumatatu, 5 Septemba

Nimefagia chumba cha kompyuta. Nimewasha printa, nimechapa orodha ya chanjo za wiki. Saa nne Mama Komba, muuguzi wetu mkuu hapa zahanati, akaingia bila kubisha, simu mkononi. Mwenyekiti wa kijiji kimoja cha ufukweni amempigia. Akina mama wamejaa na watoto wao, wanasubiri mashua ya kliniki. Mashua ilifika pale juzi, Jumamosi. Ilikuta watu wanne.

Tangu mwezi huu siku ya mashua imehama kutoka Jumatatu kwenda Jumamosi. Meseji za kuwakumbusha akina mama zinatumwa na programu niliyoiandika mimi. Bado inasema Jumatatu.

"Editha mwanangu, simu zako zimewadanganya watu," Mama Komba akasema. Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Nilibadilisha siku, nakumbuka. Nimekagua. Nilibadilisha kwenye laptopu, nikaamuru ipande kwenye hifadhi ya mtandaoni, ambako seva ya meseji inachukua kila kitu. Nikafunga laptopu kabla ya kusoma jibu. Haikupanda. Ni uzembe wangu, sina wa kumsingizia.

Jumanne, 6 Septemba

Nimejaribu asubuhi yote. Jibu moja tu: utambulisho umeshindikana. Neno langu la siri ni sahihi. Nikiingia kwenye hifadhi kwa simu inafungua. Nikipandisha kwa laptopu, inakataa.

Nimesoma tangazo lao. Siku hizi hawapokei neno la siri kwa kupandisha programu. Wanataka tokeni, mfuatano mrefu wa herufi na namba unaotengeneza mwenyewe kwao. Nimetengeneza. Nimeamuru tena. Imekataa, maneno yale yale.

Ijumaa saa moja asubuhi meseji za Lituhi, kijiji cha zamu ijayo ya mashua, zitatoka zenyewe. Zitasema Jumatatu. Sina mlango mwingine wa kuifikia seva.

Mama Komba ameanza kuwapigia akina mama wa Lituhi mmoja mmoja. Namba nyingi ni za waume, na waume wako ziwani. Hajanilaumu tena. Inaniumiza zaidi.

Jumatano, 7 Septemba

Hapa kwetu Mbamba Bay hakuna umeme tangu alfajiri. Nimepanda Mbinga kwa mama yangu. Nimemkuta anageuza kahawa kwenye kichanja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umekuja kutusaidia kuchuma?"

Nimemwambia nimekuja na kazi. Ameitazama laptopu kama mgeni asiyealikwa.

Nimekaa jikoni. Badala ya kujaribu haraka haraka, nimetazama. Ndipo nikaona. Laptopu hainiulizi kitu. Hainiulizi jina, hainiulizi tokeni niibandike wapi. Inakataliwa papo hapo. Kuna mtu anajibu kwa niaba yangu.

Nimefungua sehemu inapotunza funguo za watu. Jina ni la Mwalimu Kapinga. Laptopu hii ilikuwa yake. Alitufundisha kompyuta sekondari, akanisaidia kuanzisha hifadhi, alipostaafu akaiachia zahanati laptopu yake. Miezi yote hii nimekuwa napandisha kwa jina lake na neno lake la siri bila kujua. Sasa halipokelewi, nami sikuwahi kujitambulisha kwa jina langu.

Nimelifuta. Nimeamuru tena. Mara ya kwanza kabisa, ikauliza: wewe nani? Nikaandika jina langu. Nikabandika tokeni.

Imekataa. Lakini kwa maneno mapya: tunakujua, huna ruhusa ya kuandika humu.

Nimecheka peke yangu.

"Imekubali?" mama akauliza.

"Imekataa vingine."

"Basi mmeanza kuelewana."

Mwenye hifadhi ni Mwalimu. Ni yeye tu anayeweza kunipa ruhusa. Simu yake haipatikani. Mama anajua shamba lake, kuvuka mto. Tutakwenda asubuhi.

Alhamisi, 8 Septemba

Tumemkuta juu ya ngazi anachuma. Nimemwamkia toka chini. Ameshuka polepole. Nimemweleza yote, hata lile la kufunga laptopu bila kusoma jibu. Nilitaka kuliruka. Sikuliruka.

"Mimi ndiye niliyeacha ufunguo wangu mlangoni," akasema. "Tumegawana kosa."

Ameingia ndani, amerudi na kitabu cha sala. Neno lake la siri limeandikwa ukurasa wa mwisho. Mtandao ulisuasua. Nilishika simu juu ya kichwa, mama akanishikia laptopu, Mwalimu akatafuta miwani. Akaingia kwenye hifadhi. Akaandika jina langu, akachagua: aruhusiwe kuandika. Nikakubali mwaliko kwa upande wangu.

Nimeamuru.

Imepanda.

Safari hii nimesoma jibu, neno kwa neno, mara tatu. Kisha nikaingia kwenye hifadhi kwa simu kuhakikisha. Jumamosi ipo pale, na jina langu mbele yake. Editha. Nimefanya mimi. Nimemkumbatia mama na ndoo yake ya kahawa.

Mwalimu akachungulia. "Umebadilisha mistari mingapi?"

"Mmoja, Mwalimu."

"Mmoja," akasema, akatabasamu mpaka meno ya nyuma.

Nimerudi ziwani mchana. Nimeteremka mlima wote nikijiona mrefu.

Ijumaa, 9 Septemba

Namba yangu nimeiweka kwenye orodha ya Lituhi makusudi. Saa moja kamili simu imelia. Meseji inasema: mashua ya kliniki itafika kesho Jumamosi. Nimempelekea Mama Komba. Amesoma kwa sauti, ameweka simu yake mezani, amekaa. Ameacha kupiga.

Kisha nimewaandikia wale waliosubiri bure Jumatatu. Kosa lilikuwa letu, mashua itarudi kwenu Jumamosi ya wiki ijayo, mtusamehe. Nimemuuliza Mama Komba kama nipunguze maneno. "Iache hivyo hivyo," amesema.

Jumamosi, 10 Septemba

Saa tisa mchana Mama Komba amepiga kutoka Lituhi. Nyuma yake watoto wanalia, wengi.

"Tutachelewa kurudi. Foleni bado imezunguka kanisa."

Sijawahi kufurahia kilio cha watoto namna hii.

Jumapili, 11 Septemba

Misa ya kwanza. Mama Komba amesinzia wakati wa mahubiri, kichwa begani kwangu. Sikusogea.

Nimefua. Nimekula dagaa na ugali wa muhogo. Ziwa limetulia, upepo hakuna. Nimelala mchana kidogo, nimeamka mwili mwepesi.