Barua ya Kumwongezea Mwende Viza

Jumanne, 9 Machi 1982

Sijawahi kumwambia mtu: namchukia mtoto wa dada Mwende. Dada alienda Amerika kutembea miezi sita tu, akaniachia huyo mtoto. Mama hushinda sokoni, nami mwezi wa tano sasa siendi shule.

Leo dada ameomba aandikiwe barua. Ili aongezewe viza, ofisi ya uhamiaji ya huko inataka kusikia moja kwa moja kutoka nyumbani kwamba atarudi.

"Andika, profesa," Mama akasema, "kwamba mtoto wake anamngoja."

"Na shule yangu, Mama?"

"Kwani vitabu vitakuoa? Andika!"

Niliandika kwa Kiingereza kwamba Mwende ametuambia hatarudi kamwe. Mama hajui kusoma. Akatia kidole gumba. Nikafunga bahasha, nikambeba mtoto mgongoni, nikaipeleka posta.