Nyumba ya Koko Mwanaesha

Jumanne, 19 Septemba 2017

Mama amenicheka saluni mbele ya mteja wake, na haki yake.

Kesho nitasoma darasani habari za Koko Mwanaesha, bibi yake Mama. Alitoka kisiwani kwetu Ngazidja akaenda Madagaska wakati Wafaransa wanatawala, akafyeka kiwanja nje ya Majunga, akajenga. Mimi niliandika, “nyumba ya mumewe.”

Mama akasema, “We mtoto uliyezaliwa huku mtaani Bertrams! Kwetu mume ndiye anayehamia kwa mke. Nyumba ni ya binti.”

Kumbe hata karani Mfaransa aliyeandikisha viwanja alitaka jina la mume. Koko akamwambia, “Andika binti yangu, au funga daftari lako.”

Kwa hiyo nimefanya kama yule karani. Hilo limeniuma kuliko kicheko.

Fomu ya mwalimu ina nafasi ya ukoo wa baba tu. Naogopa atanipunguzia alama, nami nataka sana kufaulu. Hata hivyo nimefuta, nimeandika wanawake wanne: Koko, bintiye, Mama, mimi.

Mwalimu akiuliza wanaume wako wapi, nitamjibu walikuwemo ndani, na walikaribishwa vizuri.