Madirisha ya Wodi Mpya

Nachingwea, kambi ya shamba la karanga

Kwa dada yangu Somoe, Mbwemkuru.

Asalaam aleikum dada. Mmeamkaje hapo nyumbani? Kifua cha mama kimetulia? Mimi mzima, ila mguu. Nilianguka kwenye jukwaa tukijenga wodi mpya ya hospitali, mfupa ukavunjika. Mama umwambie taratibu, akishakula.

Wiki ya tano hii nimelala wodi ya zamani, mguu umefungwa plasta. Kutulia siwezi. Madirisha yako juu karibu na dari, mgonjwa haoni hata jani. Jirani yangu wa kitanda ni Mzee Likanga, mkulima wa Chiola, anaumwa tumbo. Kila asubuhi aliniuliza, "Mwanangu, mawingu yamekaaje leo?" Nami mawingu siyaoni. Mwishowe akaacha kula, akaugeukia ukuta.

Nami nawasikia wenzangu wanagonga matofali, najua wodi mpya wanaijenga vilevile. Nikamwita nyapara, nikamweleza madirisha yashushwe. Akasema, "Wewe fundi au daktari? Lala upone."

Juzi nikashindwa kuvumilia. Nikachukua magongo, nikajikokota hadi kwenye jengo. Daktari alikuwapo, anakagua. Nikamkabili, dada, nikasema, "Bwana, mgonjwa hatazami nje akiwa amesimama. Lala hapo chini uone."

Nyapara akanishika mkono anitoe. Daktari akamzuia. Akanitazama, kisha akalala chali palepale kwenye vumbi, na koti lake jeupe. Macho yake yakagota ukutani. Alipoinuka akasema, "Bomoeni, madirisha yashuke mpaka usawa wa kitanda."

Jana wamebomoa upande mmoja. Paa bado, lakini mchana daktari akaamuru Mzee Likanga abebwe na kitanda chake, awekwe dirishani. Mzee akamwona mama mmoja anapita na kuni kichwani, akamwamkia kwa Kimwera, sauti kubwa. Yule mama akaitikia. Jioni mzee alikunywa uji bakuli zima.

Nyapara hanisemeshi tena. Nikipona sijui kama kazi nitaikuta. Sijuti, ila kungoja kumenichosha.

Nisalimie mama, shemeji mwenye kukusomea barua hii, na mjomba wetu mfua vyuma. Mke wangu mwambie asije, njia ni mbaya, nitakuja mwenyewe.

Naishia hapa dada. Wameanza kugonga upande wa pili, nataka nikawasimamie wasikosee.

Mdogo wako,
Issa