Prosesa na Kihamba cha Mama

Majengo, Moshi
3 Oktoba 2024

Kaka Leodegar,

Shikamoo. Natumaini mko wazima huko Mwanza. Mimi mzima. Tangu tumzike mama umenifungia WhatsApp, ndiyo maana natumia barua pepe. Siku ile ulisimama mbele ya ukoo ukasema mtoto wa kike hana chake kwenye kihamba, shamba letu la ukoo. Sikuandikii kuomba migomba.

Kompyuta uliyoniundia inakwama. Nahariri video ya jubilei ya parokia, haifiki mwisho. Fundi mmoja wa hapa Moshi, mtaa wa Soweto, anasema prosesa inaweza kusukumwa iende kasi kuliko ilivyotoka kiwandani. Wewe ndiye unayeijua. Nieleze.

Mdogo wako,
Kornelia

Mwanza
5 Oktoba

Kornelia,

Marahaba. Sisi hatujambo. Kumbe kaka anakumbukwa akihitajika.

Kwanza nakili kazi zako zote kwenye diski ya nje. Safisha feni, futa pesti ya kupoza iliyokauka juu ya prosesa, paka mpya kidogo. Kisha, mashine ikianza kuwaka, ingia kwenye mipangilio yake ya ndani, BIOS, pandisha kasi hatua moja tu. Volti usiziguse. Ipe kazi nzito uangalie joto. Ikitulia, panda hatua nyingine. Ikipita nyuzi themanini na tano, shuka. Anayeruka hatua anaunguza mashine, na wewe nakujua, hukuwahi kungoja kitu.

Nyumba ya mama Kibosho ibaki imefungwa mpaka nije Krismasi. Baba mdogo Wenseslaus ana ufunguo.

Kaka yako

Majengo
9 Oktoba

Kaka,

Shikamoo. Naandika kwa simu. Nilipanda hatua tatu kwa mpigo, nikaongeza na volti. Skrini imekuwa nyeusi tii. Cheka ukitaka.

Ila hilo la kungoja ulifute. Nani alikaa na mama wodini mpaka mwisho? Wewe ulikuwa unatuma salamu.

Niambie tu kama imekufa.

Mdogo wako

Mwanza
10 Oktoba

Kornelia,

Marahaba. Haijafa. Chomoa waya wa umeme. Kwenye mazabodi, ule ubao mkuu wa ndani, kuna betri ndogo kama sarafu. Itoe, subiri kidogo, irudishe. Itasahau ulivyoivuruga. Anza upya, safari hii kwa adabu.

Joto likizidi hata kwa hatua moja, kubali yaishe. Chumba chako hicho chini ya bati ni tanuri. Feni inapuliza hewa ya moto juu ya chuma cha moto.

Mambo ya mama usinifundishe. Na usiniandikie tena.

Kaka yako

Kibosho
2 Novemba

Kaka,

Shikamoo. Nyumbani hapa ni wazima wote.

Betri niliitoa, mashine ikawaka. Nikapanda hatua moja, joto la Majengo likaigomea. Nikapanda huku mlimani kwa baba mdogo kuomba ufunguo. Akaniuliza, "Kaka yako anajua?" Nikamjibu, "Yeye ndiye aliyesema kule ni tanuri." Akanipa.

Meza nimeiweka chumbani kwa mama, dirisha la kuelekea mgombani. Asubuhi ukungu unaingia mpaka ndani. Niko hatua ya tatu na joto halijafika sabini. Video imeisha, parokia ya jirani wameniita pia. Chumba cha Majengo nimekirudisha kwa mwenyewe.

Mdogo wako

Mwanza
3 Novemba

Kornelia,

Salamu sina. Nilikufundisha kompyuta, sikukufundisha kuingia nyumba za watu. Nimempigia baba mdogo, ananiambia nyumba ilikuwa inaoza, sasa jiko linafuka, eti nikuache. Mmenizunguka.

Krismasi nikifika nikute umetoka.

Kaka yako

Kibosho
5 Novemba

Kaka,

Shikamoo, hata kama huitaki.

Sitoki. Jana nilijaribu hatua ya nne, mashine ikazima. Nikashuka ile ya tatu na hapo ndipo itakapobaki. Jumapili baada ya misa baba mdogo aliwaambia wenzake wa ukoo kwamba mimi ndiye niliyepo, na hakuna aliyebisha.

Chumba chako cha zamani nimekifagia na kukitandika. Mje na watoto, mtalala humo. Kufuli la mlango nimelibadilisha, na ufunguo ninao mimi.

Ukifika, piga hodi.

Mdogo wako,
Kornelia