Turbo na Shikamoo

Mjukuu wangu Elia,

Marahaba. Bibi yako hajambo, alizeti imechanua, ila swali lako limeninyima usingizi: gari lako la spoti ulifunge turbo ya kuisukumia injini hewa, au injini iongezwe nguvu huku ikivuta hewa yenyewe?

Ujanani nilisafiri na Mkumbo, dereva wa lori la turbo. Tulipomaliza mlima wa kutoka Kintinku, alimwona mkwewe kando ya barabara, akazima injini papo hapo, akashuka.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Mbona gari linafuka moshi?"

Turbo ilikuwa bado ya moto na oili ya kuipoza imeshasimama pamoja na injini, ikafa. Injini ilitakiwa iungurume kidogo kwanza, lakini mkwe utamngojesha vipi?

Wewe tumekulea na adabu, na hilo ndilo linalonitia hofu. Achana na turbo. Ukikaidi, basi ukifika hapa nipungie mkono ukiwa ndani ya gari, injini ikiunguruma. Shikamoo nitaingoja.

Babu yako, Manyoni